Alfredi, Panda

Mume wangu Kasiani alikuwa mpiga gitaa la solo wa Mikorosho Jazz ya Newala. Kama hukuwahi kuisikia bendi ile, pole yako, ulikosa. Watu walikuwa wanapanda lori kutoka Masasi kuja kumsikiliza mtu ambaye mimi nyumbani namwambia anyamaze mtoto alale, na kesho yake namtuma akachanje kuni. Jina langu Winfrida, Mama Julia, na sijui kuongea kwa kuzungukazunguka. Nitamsema mume wangu kama alivyokuwa. Nikikosea, mwenyewe yuko hapo uani anabangua korosho, mwulizeni.

Bendi ilikuwa mali ya chama cha ushirika. Enzi zile korosho zote zinauzwa ushirika, na ushirika ukishiba na sisi tunacheza. Ndio walionunua magitaa, spika, jenereta, hata mashati ya kitenge ya wanamuziki. Mchana Kasiani yuko ghalani anashona magunia kwa sindano ndefu na kamba ya katani, jioni anaoga, anavaa shati la kitenge, basi huwezi kumsemesha tena. Mtindo wao waliuita Kanyaga Mabibo, kwa sababu ukiucheza unarusha miguu kama mtu aliyevamia mabibo yaliyooza chini ya mkorosho.

Mwimbaji alikuwa Alfredi. Mrefu, mcheshi, kofia ya kijani yenye unyoya wa kanga haimtoki kichwani. Na kuchelewa! Siku ya harusi yake mwenyewe Stamili alisimama mlangoni pa kanisa na shela lake, jua linamchoma, bwana harusi yuko njiani anaongea na watu. Alfredi na Kasiani waliingia jando pamoja, jando la kanisa, wakalala kumbi moja, kibanda cha jandoni, mkeka kwa mkeka. Kwetu mtu uliyelala naye kumbi si rafiki tu. Ukifa, ana kazi yake kwenye msiba wako, na hakuna mwingine wa kumshikia kazi hiyo.

Wimbo uliowapa jina ni "Maji ya Bondeni." Newala juu hakuna maji, hilo kila mtu analijua. Sisi wanawake tulikuwa tunashuka na ndoo tupu mpaka chemchemi, tunapanga foleni, tunapanda nazo zimejaa. Kasiani aliutoa wimbo ule kwenye miguu yangu. Alipokuwa ananichumbia alikuwa ananifuata nyuma, anajifanya anakwenda kutega ndege, kumbe anasikiliza ninavyokanyaga. Mwanzoni gitaa linashuka mbiombio, ndoo tupu, wasichana wanacheka. Kisha linatulia, ndiyo foleni ya chemchemi, na hapo Alfredi anaimba umbea wote wa mji, nani kamwacha nani. Kisha kupanda. Kupanda ni gitaa peke yake, zito, hatua moja, linapumua, hatua nyingine. Mwisho ni kufika nyumbani, na bendi nzima inalipuka. Ungeweza kubandika kisamvu wimbo ukianza, kikaiva, mkala, na bado hawajafika nyumbani.

Walipokwenda Dar es Salaam kurekodi, waliambiwa wachague sehemu moja tu, wimbo mrefu hivyo hauingii kwenye santuri. Kasiani akawauliza, "Mwanamke ashuke bondeni halafu asipande?" Wakarudi na magitaa yao. Mimi nilimwita mjinga, lakini moyoni nilifurahi sana.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kwenye kupanda, sauti ya Alfredi inatakiwa iingie juu ya gitaa, na kila mara alichelewa. Anafuta jasho, anarekebisha kofia, anamkonyeza mtu kule mbele. Kasiani anazungusha gitaa palepale, anazungusha, mpaka uvumilivu unamwisha, anapiga kelele kutoka nyuma: "Alfredi, panda!" Mara ya kwanza alikuwa amekasirika kweli, nilikuwepo, mshipa wa shingo ulimtoka. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Tangu hapo ikawa ndiyo sehemu ya wimbo. Kasiani asipoita, Alfredi haingii. Hata watoto wa Newala wakitoka bondeni na vidumu vyao, aliye mbele anamgeukia mwenzie, "Alfredi, panda!"

Kwa hiyo mjue kwamba Kasiani wa siku zile alikuwa mgomvi. Si kwangu, kwenye muziki. Uzi mmoja ukilegea anasimamisha mazoezi yote, anamwangalia mwenye kosa mpaka mtu wa watu anatoka jasho. Nilikuwa namwambia, wewe utakuja kufa na gitaa shingoni. Ananijibu kuwa nimwache afe vizuri.

Zikaja zama za ruksa. Kila mwenye mizani na lori akaruhusiwa kununua korosho, ushirika ukabaki na ghala tupu na mlinzi anayesinzia. Bendi haikufukuzwa, hakuna aliyekuja kusema lolote. Ila mafuta ya jenereta hayakuja, tukangoja, hayakuja tena, wakaelewa. Mpiga besi akaenda Unguja kwenye hoteli. Mpiga tumba akarudi kwao Chiwata kulima. Mpuliza saksafoni akahamia Lulindi, anafundisha kwaya, na ukimtajia dansi anaangalia pembeni kana kwamba umemtajia deni. Wakabaki wawili, Alfredi na Kasiani.

Aliyenunua vyombo, pamoja na jina la bendi, ni Abdulkadiri, mfanyabiashara wa mitumba wa Masasi. Mtu mwema, siwezi kumsema vibaya, ila masikio yake yalikuwa ya dukani. Akatuhamishia Masasi, ukumbi uko nyuma ya duka lake. Akaleta vijana na kinanda cha umeme ambacho ukikibonyeza kinapiga ngoma chenyewe. Nyimbo ziwe fupi, akasema, mtu akimaliza kucheza akanunue soda, tena ukumbi huohuo una video za mapigano, watu wanasubiri. "Maji ya Bondeni" ikawekwa kando. Alfredi alilalamika mpaka koo likamkauka. Kasiani alikuwa akigombana na kijana wa kinanda kila siku iendayo kwa Mungu, anamwambia hiyo ngoma yako haina miguu. Akirudi nyumbani anaendelea kugombana naye peke yake huku anakula. Nilikuwa nachoka, lakini nilikuwa bado namjua mume wangu.

Halafu Alfredi akafa. Homa, hospitali, siku chache, basi. Tukampandisha Newala kwenye lori la Abdulkadiri, jeneza katikati, sisi pembeni, na Kasiani alishikilia kamba ya turubai njia nzima kama aliyepewa kazi ya kulinda mzigo. Hakulia. Mimi nililia mpaka khanga ikalowa. Watu wanakuja kumpa mkono, "Pole, Kasiani, pole sana," naye anawajibu, "Mpeni Stamili." Mkono haupokei. Pole za Newala nzima alizielekeza kwa mjane, hakubakiza hata moja. Nikasema moyoni, atalia nyumbani. Nyumbani akala, akalala.

Ikafika siku ya kuvunja tanga. Kwetu jina la mtu mzima haliachwi chini. Mtoto wa dada yake analiokota, analivaa, na tangu siku hiyo yeye ndiye. Watoto wa marehemu wanamwita baba. Aliyekuwa anamwamkia marehemu shikamoo anamwamkia yeye. Dada yake Alfredi ni Josephina, na mtoto wake ni Nikolao, fundi baiskeli wa Chiungutwa, kijana mpole, mikono imejaa grisi, hajawahi kuimba hata kanisani, anafungua mdomo tu ili padri asimwone amenyamaza. Ukoo ukamkalisha mkekani. Akawa Alfredi.

Kwa ukoo wa akina Alfredi kuna mambo mawili yanayobaki hapo, na yote ni ya yule waliyelala kumbi moja. Kwanza anampa mrithi chombo cha kazi cha marehemu. Pili anamwita kwa jina lake jipya, naye anaitika. Hapo jina limekaa, mjane anavua kaniki yake nyeusi, maisha yanaendelea. Wazee walikwisha kuliweka jembe la Alfredi pale mlangoni. Jembe! Kila mtu analima, mrithi anapewa jembe, anakwenda zake kulima, hakuna tatizo lolote. Wakamwambia Kasiani, "Haya, mpe mwenzio kazi yake."

Kasiani akainuka. Akalipita jembe. Nilimwona kwa macho yangu akilipita, karibu alikanyage. Akaingia ndani, akatoka na kofia ya kijani yenye unyoya wa kanga, akamvika Nikolao kichwani. Kisha akarudi, akakaa, akaangalia mkeka.

Watu wakaguna. Maana kilichotolewa hakirudishwi, ungekuwa unamvua marehemu mbele za watu. Na kofia ile haikuwa ya kulimia. Kwa mkono wake mwenyewe Kasiani alikuwa amempa fundi baiskeli kazi ya kuimba Mikorosho Jazz. Kwenye zogo lile wali ukaletwa, watu wakanawa, na wengi hawakuona kwamba jambo la pili halikufanyika. Kasiani hakumwita. Josephina aliona. Mimi pia niliona, nikajifanya sikuona.

Usiku wake nikamwuliza, "Baba Julia, jembe lilikuwa na kosa gani?"

"Jembe gani?" akasema.

Nikolao akaja Masasi na kofia yake. Maskini wa Mungu, hakutaka. Alinifuata jikoni akaniambia, "Mama, mimi najua kuziba pancha tu." Nikamwambia asiniite mama, mimi sasa ni shemeji yake. Tena nikamwamkia shikamoo, kijana niliyemfuta kamasi mimi mwenyewe! Akaitika marahaba huku anaangalia vidole vya miguu. Nikaingia ndani nikacheka mpaka nikakaa chini, halafu kicheko kikageuka, nikamlilia Alfredi upya.

Siku ya mazoezi ya kwanza Abdulkadiri alikuja kusikiliza. Alisimama, akakunja mikono, akaikunjua. Akamvuta Kasiani pembeni.

"Ndugu yangu, huyu anaimba au anaita mbuzi?"

"Ndiye aliyepewa," Kasiani akasema.

"Aliyepewa na nani?"

Kasiani akarudi kwenye gitaa. Abdulkadiri naye mama yake ni Myao, jina la kurithi analijua lilivyo, hangeweza kumfukuza Alfredi wakati amemzika juzi. Akabaki anatikisa kichwa. Wateja walikuja kumshangaa mwimbaji, wakarudi kumcheka, kisha wakabaki kwenye video.

Na Kasiani alimwita Nikolao "bwana." Bwana, sogea hapa. Bwana, tunaanza. Nikolao hakumwita, Alfredi hakumwita. Ukimwuliza mwimbaji wenu yuko wapi, anakuonyesha kwa kidevu. Wote tulikwisha kumwita Alfredi, mpaka mtoto wangu Julia anamwita baba mkubwa, ila yule mmoja ambaye wito wake ndio unaohesabika alikuwa na bwana wake tu.

Lakini hilo halikuniogopesha. Kilichoniogopesha ni kwamba ugomvi ulikwisha. Kijana wa kinanda anakosea, Kasiani anaendelea. Ngoma ya kinanda inakimbia, anakimbia nayo. Akirudi nyumbani nauliza mmepigaje leo, anasema vizuri. Vizuri! Mtu ambaye miaka yote hajawahi kupiga vizuri, kila siku kuna mtu amemharibia. Nikaona huyu ananificha kitu, ngoja nimtoe. Nikapika mboga bila chumvi, akala. Kesho yake nikaijaza chumvi mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kuonja, akala, akanywa maji, akasema asante. Nikamtukania mama yake, Mungu anisamehe, mkwe wangu alikuwa mwanamke mzuri sana. Akasema, "Umechoka, Mama Julia, kapumzike."

Basi nikafanya kitu ambacho zamani kingenirudisha kwetu siku hiyohiyo. Bugi, lile dansi la Jumapili mchana, lilikuwa linakaribia, yeye yuko bafuni. Nikalichukua gitaa lake nikazilegeza nyuzi, nikavizungusha vile vijiti vya juu kila kimoja upande wake. Nikasema leo atapasua nyumba, na akipasua nitashukuru. Akaja, akalibeba, akaenda. Nikamfuata mpaka ukumbini. Akapanda jukwaani na kulipiga hivyohivyo, limelegea, linalia kama bawaba ya mlango, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Vijana wanaangaliana. Yeye uso hauna kitu. Nilisimama mlangoni pa ukumbi. Nikajua mume wangu hayumo mle ndani.

Wiki hizo Josephina akashuka kutoka Newala, akaja mpaka kwangu. Nikampa kigoda, akakaa, akakataa chai.

"Mama Julia, wifi yangu Stamili bado ana kaniki mwilini."

"Najua, dada."

"Hujui. Hawezi kwenda harusini, hawezi kwenda kwao, sokoni anauziwa wa mwisho. Imechanika mgongoni, ameishona. Watu wanamwuliza mumeo amekosana na nani huko aliko. Kwa sababu ya mtu mmoja asiyetaka kufungua mdomo."

"Dada Josephina, mimi nimfungue mdomo kwa kisu?"

"Umfungue kwa unavyojua wewe. Jumatatu ya Pasaka mnakuja Newala na bendi. Nitakuwepo, na Stamili nitamleta." Akainuka, akafunga khanga yake vizuri. "Na mwanangu naye anateseka. Hajui kama yeye ni Nikolao au nani. Baiskeli za watu ameziacha, na huku hajapokelewa."

Alipoondoka nikamfuata Kasiani uani. Alikuwa amekaa tu. Sikumzungukia.

"Kwani ni neno gumu? Alfredi. Umeliita maisha yako yote, umelipigia kelele mbele za watu. Liite tena Stamili avue kaniki."

Akafikiri. Siku hizo ukimwuliza kitu anakawia, unaweza kudhani hakusikia.

"Nikiita, ataitika," akasema.

"Si ndicho tunachotaka?"

"Ataitika huyu."

Nilikuwa na maneno yangu mengi ya kumrushia, nilikuwa nimeyapanga tangu Josephina anaaga.  Nikakaa karibu naye, tukaangalia kuku.

Jumatatu ya Pasaka tukapanda Newala. Bugi likaanza mchana, jua kali, ukumbi wa zamani wa ushirika, mabati yaleyale. Watu walikuja wengi, wamevaa nguo za sikukuu, na wakacheza nyimbo fupi za kinanda kwa adabu tu, kama mtu anavyokula chakula cha jirani. Nikolao aliimba na kofia yake, hakuna aliyemcheka. Newala kwenyewe hakuna wa kumcheka Alfredi. Stamili alikaa benchi la ukutani, kaniki yake imepauka, Josephina ubavuni kwake. Mimi nikakaa nao. 

Mwanamke mmoja mtu mzima akasimama katikati ya watu akasema, "Kasiani, sisi hatukuja kusikia hivyo. Tupeleke bondeni."

Wengine wakaitikia. Bondeni! Bondeni! Abdulkadiri, aliyekuwa karibu na meza ya soda, akainua mikono kuashiria amekubali, pigeni mnachotaka. Nikolao akageuka kumwangalia Kasiani, maana alijua kwenye kupanda kuna kuitwa. Maneno yote aliyajua. Stamili ndiye aliyemfundisha, kila alipokwenda kumsalimia, anamwimbia huku anatwanga, naye anarudia kwa sauti yake ya mbuzi.

 Kijana akabonyeza ngoma ya kinanda, Kasiani akanyoosha mkono, zima. Akavikaza vijiti vya gitaa taratibu, uzi kwa uzi, anasikiliza, anarudia. Nilikuwa sijamwona akifanya hivyo tangu msiba. Watu wote wakangoja.

Akaanza kushuka. Ile miguu ilikuwa yangu kabisa, ya usichana wangu. Ngoma hakuna, lakini wanawake wote waliokuwa mle ukumbini wakaanza kukanyaga sakafu, kila mmoja alikwisha kushuka mteremko ule kabla hajaota matiti, hakuna wa kuwafundisha. Tukafika chemchemi. Nikolao akaimba umbea wa foleni, vibaya, Mungu wangu, vibaya sana, lakini hakuruka hata neno moja. Stamili alikuwa anafuatisha kwa midomo bila sauti.

Kisha gitaa likaanza kupanda. Hatua moja, linapumua. Hatua nyingine. Wanawake wakaacha kukanyaga. Nikolao akafuta jasho, akarekebisha kofia, akasimama mbele ya maiki, mdomo umefunga. Haingii. Anangoja. Alikuwa anajua kwamba bila kuitwa haingii, na hangejipa mwenyewe kitu ambacho hajapewa.

Kasiani akazungusha. Akafika mwisho wa kupanda, akarudi chini, akapanda tena.  Hakuna aliyethubutu kumsaidia kuita, kila mmoja mle ndani aliijua kazi ile ni ya nani. Akazungusha tena. Nilimwona anamwangalia yule kijana mgongoni, mabega membamba, ile kofia, ule unyoya, na gitaa halisimami wala haliendi. Josephina alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Nikasema moyoni, Kasiani, baba, mwite au liweke gitaa chini, moja tu, lakini usitutese. Akazungusha tena. Ndoo kichwani, mteremko haumaliziki.

"Alfredi," akasema.

Hakupiga kelele. Mshipa wa shingo haukutoka. Alisema kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyojua kama kuna watu.

"Alfredi, panda."

"Naam!" Nikolao akaitika, sauti ikakatika, kisha akaingia. Akaingia juu ya gitaa kwa ile sauti yake, nje kabisa ya ufunguo, na ukumbi ukalipuka, watu wanalia, wanacheka, wanakanyaga, mabati yanatetemeka. Wanawake wakamwinua Stamili, wakamtoa nje upande wa nyuma, wakarudi naye amevaa khanga mpya, doti nzima, nyekundu, ile kaniki Josephina ameikunja kwapani. Yote hayo wimbo wenyewe ulikuwa bado unaendelea, mpaka bendi ikafika nyumbani. Kijana wa kinanda alikuwa anapiga makofi kama mtoto.

Mimi nilikuwa namwangalia Kasiani tu. Alipiga mpaka mwisho bila kuinua uso.

Watu walipotoka na jua limeshuka, nilimkuta jukwaani peke yake anakunja nyaya za spika, kiwiko na kiganja, kama anavyofanya siku zote. Nilisimama pembeni. Akamaliza waya mmoja, akauweka chini.

"Mama Julia."

"Bee."

Akanitazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka mjini sasa hivi na habari ambayo hajui pa kuanzia.

"Alfredi amekufa," akasema.

Mwaka mzima nilikuwa na majibu ya kumpa mtu huyu.  Nikanyoosha mkono.

"Pole, Baba Julia."

Akaupokea kwa mikono miwili.